Mnaotaka Kuua Mkaa, Mmewahi Kuuliza Bei ya Kopo?

Ukiwa mwandishi wa habari kijana, kuna madawati unayopewa kwa sababu wakubwa hawayataki. Siasa ina wenyewe. Michezo ina wenyewe, na wenyewe hao wanang'ata. Mazingira hayana mwenyewe, kwa hiyo nikapewa mimi. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikizungumza na watu ambao kazi yao, kwa namna moja au nyingine, ni mazingira: maafisa misitu, watafiti, watu wa mashirika, mjumbe mmoja anayehudhuria ile mikutano mikubwa ya dunia, wauza majiko, na wengine ambao hawajui kabisa kwamba kazi yao inaitwa mazingira. Gazetini habari inakatwa mpaka yabaki maneno 400, na anayenukuliwa ni mwenye cheo. Yaliyobaki kwenye daftari ndiyo nayaleta hapa leo.

Nianze na jambo moja lililonishangaza. Hawa watu wote wanaishi nchi moja, wengi wanaishi mji mmoja huu wa Dar es Salaam, lakini hawaongei. Kila mmoja ana maneno yake. Mtafiti anazungumza kwa hekta, mjumbe anazungumza kwa mabilioni ya dola, afisa anazungumza kwa vibali, na mama ntilie anazungumza kwa kopo. Ukiwasikiliza kwa zamu, kama nilivyofanya, unagundua kwamba wote wanazungumzia kitu kimoja. Kitu hicho ni cheusi, kinachafua mikono, na kipo nyuma ya karibu kila nyumba unayoijua. Naam, mkaa.

Kwanza tuongee lugha kidogo. Shuleni tulifundishwa kwenye jiografia kwamba hali ya hewa ni ya leo na kesho, na tabia ya nchi ni ya miaka mingi. Siku hizi tunaandika "tabianchi" kwa neno moja, tunaongeza "mabadiliko" mbele yake, kisha tunalimwaga kwenye mabango ya warsha. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba limegeuka kuwa neno la ukumbini. Mtu mmoja anayefanya kazi vijijini aliniambia kwamba akifika kijijini halitaji kabisa. Anauliza tu: vuli imekuja lini mwaka huu? Anasema hapo kila mtu ana la kusema, mpaka bibi wa miaka themanini. Wanajua vuli ya zamani ilivyokuwa, wanajua masika yanavyochelewa siku hizi na yakija yanavyokuja kwa hasira. Akitaja mabadiliko ya tabianchi, wananyamaza na kusubiri posho.

Haya, turudi kwenye mkaa.

Kuna ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 kuhusu biashara ya mkaa Tanzania ambayo ingefaa kila mhariri awe nayo kwenye droo. Ilikadiria kwamba biashara hii inazungusha kiasi cha dola milioni 650 kwa mwaka, mara kadhaa zaidi ya kahawa na chai zikijumlishwa pamoja. Hebu fikiria. Kahawa ina bodi, chai ina bodi, zina wizara ya kuzisemea na maonyesho ya Nane Nane. Mkaa una nini? Una geti la ukaguzi barabarani. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba serikali inapoteza kiasi cha dola milioni 100 kila mwaka kwa sababu sehemu kubwa ya biashara hii inapita gizani. Na takriban nusu ya mkaa wa nchi nzima unaishia Dar es Salaam.

Lakini takwimu iliyonikaa kichwani ni nyingine. Kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71. Katika kipindi hichohicho, wanaotumia gesi walishuka kutoka asilimia 43 hadi 12. Soma tena polepole. Si kwamba watu wa Dar hawakuijua gesi. Waliijua, wakaipika, wakaiacha, wakarudi kwenye mkaa. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye semina akisema tatizo ni kwamba wananchi "hawana uelewa", mwambie akakae chini. Wananchi wanaelewa sana. Walipiga hesabu.

Hesabu hiyo niliipata kwa mama mmoja anayepika Manzese. Ana majiko matatu: moja la wali, moja la maharage, moja la mboga na samaki. Nilimwuliza swali la kiofisi kabisa, kwamba mama, kwa nini hutumii gesi? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haendi kazini kwa ndege. Mtungi anao, upo chumbani, watoto wanautumia asubuhi kuchemshia chai. Tatizo si mtungi, tatizo ni siku unapoisha. Mkaa ananunua kwa kopo au kwa ndoo kulingana na alichouza jana. Jana ikiwa mbaya, leo ananunua kopo moja na kupika kidogo. Gesi haina kopo. Gesi inataka pesa yote kwa pamoja, siku hiyohiyo, na inaisha bila kukupigia hodi, wali ukiwa umeiva nusu na wateja wameshakaa kwenye benchi. Akanieleza jambo jingine ambalo sijaliona kwenye ripoti yoyote: mkaa akiishiwa, jirani anamkopesha. Nani anakopesha nusu mtungi?

Nikaenda kwa kijana anayeuza majiko, msomi kama sisi, ana shahada yake. Yeye alisema jambo lilelile kwa lugha ya biashara. Maskini hanunui kitu kwa bei nafuu, ananunua kwa kipimo kidogo. Kilo kwa kilo, mama wa makopo analipa zaidi ya yule anayenunua gunia zima, lakini hajawahi kuwa na pesa ya gunia zima kwa siku moja. Ndiyo maana sukari inauzwa kwenye vifuko vidogo, mafuta ya kula yanapimwa kwa vikombe, na vocha za simu zilishuka mpaka bei ya pipi. Kila aliyefanikiwa kumwuzia mtu wa uswahilini alijifunza kukata bidhaa vipande vidogo. Gesi ilichelewa kujifunza. Siku hizi zipo mita zinazofungwa kwenye mtungi, mtu analipia kwa simu kidogo kidogo, ikiisha pesa gesi inajifunga. Hapo kuna akili. Hapo mtu amemsikiliza yule mama.

Sasa tutoke mjini.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha utafiti kuhusu misitu inayoizunguka Dar es Salaam. Walichokiona ni kama mawimbi. Wimbi la kwanza ni la mbao za thamani, linafuata la mbao za kawaida, na nyuma kabisa linakuja la mkaa, na yote yanasogea kwenda mbali na mji kadiri miti inavyokwisha. Kati ya mwaka 1991 na 2005, mawimbi hayo yalikuwa yakisogea kwa kasi ya hadi kilometa 9 kwa mwaka. Wazee wa Kisarawe watakuambia jambo hilo bila utafiti. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Dar ikiwa na watu karibu milioni 2.5. Ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3. Matumbo yameongezeka maradufu, na kila tumbo lina sufuria yake.

Mkoani Morogoro nilizungumza na mchoma mkaa. Nilitegemea kukutana na "mharibifu wa mazingira", maana ndivyo tunavyowaandika. Nilikutana na mkulima wa mahindi na ufuta. Alinieleza kazi yenyewe hatua kwa hatua. Unakata magogo, unayapanga, unayafunika kwa nyasi kisha udongo, unaacha tundu, unawasha. Baada ya hapo hulali. Unalinda tanuri usiku na mchana kwa siku kadhaa, maana udongo ukipasuka mahali hewa inaingia, na hewa ikiingia unaamka kukuta majivu. Kwa tanuri la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu zinakupa kati ya kilo 10 na 20 tu za mkaa. Ni jasho jingi kwa gunia dogo. Na anayefaidi si yeye: kati yake na mama wa Manzese kuna dalali, kuna lori, kuna geti, kuna mwenye stoo, na kila mmoja ana mkono wake.

Kwa nini anachoma? Alisema mvua ikikubali, hachomi. Mvua ikikataa, mahindi yakikauka yakiwa na urefu wa goti, mkaa ndio unaolipa ada na kununua unga. Mkaa ni mazao ya mwaka wa njaa. Sasa angalia mzunguko huu, ndugu msomaji. Mvua zimevurugika, na wanasayansi wanatuambia sababu mojawapo kubwa ni joto la dunia, lililosababishwa zaidi na viwanda na magari ya nchi nyingine. Mvua zikivurugika, mkulima anaingia msituni. Akiingia msituni, tunamwita adui wa tabianchi. Afrika nzima, pamoja na wingi wetu wote, inachangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotolewa duniani. Lakini kesi inasomwa kwa mtu wa Morogoro mwenye shoka.

Hapa yule mjumbe wa mikutano ya dunia alinisaidia bila kujua. Alikuwa ananisimulia Glasgow, mwaka 2021. Siku za mwisho kulikuwa na mvutano mkubwa juu ya neno moja, kuhusu makaa ya mawe. Rasimu ilisema matumizi yake "yaondolewe" hatua kwa hatua. Dakika za mwisho neno likabadilishwa, likawa "yapunguzwe". India na China zilikuwa mstari wa mbele kudai hivyo, na hoja yao ilikuwa kwamba watu wao wanahitaji umeme, na kwamba wenye nchi tajiri walishachoma yao kwa miaka mia mbili. Dunia ikalalamika, ikakubali.

Nikamwuliza: mzee, na mkaa wetu je? Kwa nini mwenye mtambo mkubwa wa makaa ya mawe anaambiwa apunguze, na mama ntilie anaambiwa aache, tena kwa tarehe? Alicheka. Sidhani kama ulikuwa mzaha.

Mikutano hiyohiyo ndiyo iliyoahidi, Copenhagen mwaka 2009, kwamba nchi tajiri zitafikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kuzisaidia nchi maskini. Zilifikisha mwaka 2022, miaka miwili baadaye, na sehemu kubwa ya pesa hizo ni mikopo. Yaani jirani anakuchomea nyumba, kisha anakukopesha ndoo ya maji kwa riba. Baku, mwaka 2024, wakaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Sawa. Tuendelee kusubiri, sisi ni watu wa subira. Lakini tukiwa tunasubiri, tusihamishie hasira zetu kwa watu wadogo walio karibu nasi kwa sababu tu hao ndio tunaoweza kuwakamata.

Na kuwakamata tumejaribu. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Marufuku ilidumu kwa takriban wiki mbili, ikaondolewa, kwa sababu watu wanapaswa kula. Bei ilipanda, wenye stoo waliochelewa kukamatwa wakanufaika, na miti haikupata hata muda wa kushangilia. Afisa misitu mmoja aliniambia kwamba kupiga marufuku mkaa bila kuleta kingine ni sawa na kupiga marufuku njaa. Na huyo ni mtu ambaye kazi yake ni kulinda msitu. Ana eneo kubwa kuliko wilaya nyingine, pikipiki moja, na mafuta ya wiki mbili kwa mwezi. Analinda kwa macho ya watu wengine, kwa hiyo wanakijiji wakiwa hawana faida na msitu, yeye hana macho.

Maneno hayo ya afisa ndiyo yaliyonipeleka kwenye mfano wa Kilosa, ambao nauona ndio somo kubwa kuliko yote. Kuanzia mwaka 2012 ulikuwepo mradi uliogharimiwa na Uswisi na kusimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, MJUMITA na TaTEDO. Wazo lenyewe linashangaza ukilisikia mara ya kwanza: badala ya kuwakataza wanakijiji kuchoma mkaa, waliwafundisha kuuchoma vizuri. Kijiji kinatenga msitu wake, kinaamua sehemu ya kuhifadhi na sehemu ya kuvuna. Sehemu ya kuvuna inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kama draft, kimoja unavuna, cha jirani unaacha. Mti haung'olewi, unakatwa na kisiki kinaachwa ili kichipue. Kitalu kikishavunwa kinapumzishwa miaka 24. Miti ya miyombo ina tabia hiyo nzuri: ukiiachia kisiki na ukazuia moto na jembe, inarudi yenyewe, hata miche huhitaji kununua.

Na pesa? Ushuru uliingia kwenye mfuko wa kijiji. Vijiji vikajenga madarasa na zahanati, vikachimba visima, vingine vikawalipia watu wake bima ya afya. Kwa mkaa, jamani! Ule ule tunaouita laana.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: mwandishi, unatetea ukataji miti? Subiri. Swali la msingi ni hili: nini hasa kinaumaliza msitu wa Tanzania? Takwimu za serikali zinasema tunapoteza kiasi cha hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia maeneo yaliyopoteza misitu ukakuta kwamba sababu kuu ni kilimo. Mkaa unauchakaza msitu, na karibu na miji mikubwa unaweza kuumaliza kabisa. Lakini shamba linang'oa mpaka visiki na halirudishi. Mara nyingi mkaa unatokana na shamba: mtu anafyeka apande ufuta, miti aliyoiangusha anaichoma ili isipotee bure.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Mwanakijiji ana hekta kumi za msitu. Ukimwambia mti huu hauna bei, usiuguse, na shamba la ufuta lina bei, atafanya nini? Msitu usio na bei halali unageuka shamba, au unageuka mkaa wa usiku. Msitu wenye bei halali, unaolipa zahanati, una walinzi mia mbili bila mshahara. Mtafiti mmoja alinieleza hili kwa grafu tatu. Mwenyekiti wa kijiji alinieleza kwa sentensi moja: zamani mwizi wa mkaa alikuwa anaiba msitu wa serikali, siku hizi anaiba dawa za watoto wetu.

Sasa tuje kwa serikali, maana haitakuwa haki kusema imelala. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 mpaka 2034. Lengo ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tulianzia wapi? Asilimia 6.9, mwaka 2021. Taasisi kubwa, kama shule na magereza, ziliamriwa kuachana na kuni na mkaa. Mitungi midogo ya gesi imetolewa kwa ruzuku. Na sababu si miti pekee. Serikali yenyewe inataja zaidi ya vifo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa jikoni. Hao si watu wa kwenye slaidi. Ni mama yako mkubwa anayekohoa kila asubuhi na kusema ni vumbi tu. Yule mama wa Manzese macho yake ni mekundu saa nne asubuhi, na hajanywa kitu.

Kwa hiyo sipingi nishati safi, naitaka jana. Ninachopinga ni kudhani kwamba mtungi ukishagawiwa na picha ikishapigwa, kazi imekwisha. Mtungi wa kwanza si kitu. Ni mtungi wa pili unaoamua. Takwimu za 2001 mpaka 2007 zimeshatuonyesha jinsi mji mzima unavyoweza kurudi nyuma ndani ya miaka sita. Gesi hii ya mitungi karibu yote tunaiagiza nje, kwa dola, kwa meli. Dola ikipanda, vita ikitokea mahali ambapo hatujawahi kufika, sufuria ya Tandale inajua. Wakati huohuo tuna gesi yetu ya Songo Songo inayozalisha umeme tangu 2004, na tuna bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, mitambo yake tisa imekamilika mwaka 2025. Yupo mhandisi mmoja aliyenitajia majiko ya umeme ya shinikizo, yale yanayochemsha maharage kwa umeme kidogo sana. Aliniambia maharage ya kilo moja kwenye jiko hilo yanashindana kabisa na mkaa kwa gharama. Nilipompelekea mama wa Manzese habari hiyo aliuliza swali moja tu: na umeme ukikatika?

Mnaona? Kila jibu la mtaalamu linakutana na swali la mwenye jiko. Ndiyo maana nasema watu hawa wangekaa meza moja. Na mwenye jiko asiitwe kutoa ushuhuda na kupewa soda. Aulizwe kabla mpango haujaandikwa.

Nikiambiwa niseme langu, na hapa nasema kwa sababu hakuna mhariri wa kunikata, nitasema mambo machache.

Kwanza, mkaa utambuliwe kuwa ni biashara. Utozwe ushuru kule unakotoka, sehemu kubwa ibaki kijijini, na vijiji vingine vifuate njia ya Kilosa bila kuzungushwa ofisi kumi kutafuta mihuri. Mkaa wa halali uwe na njia nyepesi kuliko mkaa wa wizi. Leo mara nyingi ni kinyume, na tunashangaa wezi wametoka wapi.

Pili, nishati safi ikatwe vipande vidogo. Ruzuku isiishie kwenye mtungi, iende kwenye kujaza, iende kwenye mita, iende kwenye jiko la umeme la kulipia kidogo kidogo. Anayeuza gesi ajifunze kwa anayeuza vocha.

Tatu, tuweke tarehe kwa wanaoweza kubeba tarehe. Shule, hoteli, kambi, sawa, zina bajeti. Mama mwenye majiko matatu apewe kile walichopewa wakubwa Glasgow: apunguze, kadiri njia inavyofunguka. Neno hilo likiwatosha wenye mitambo, haliwezi kuwa la aibu kwa mwenye jiko la bati.

Nne, hili ni letu sisi. Tulio na shahada, tunaopika kwa gesi kwenye vyumba vya kupanga Sinza na Mbezi, tunaobandika picha za barafu ya Kilimanjaro inavyoisha na kusikitika. Jumamosi jioni tunakaa wapi? Pale penye nyama choma. Chipsi zetu za usiku zinakaangwa kwa nini? Maharage ya mchana tunayotumia watu ofisini watuletee yamechemshwa kwa nini? Tumeutoa mkaa jikoni kwetu tukaukabidhi kwa mama ntilie, kisha tunamwandikia makala za kumwonya. Moshi anavuta yeye, chakula tunakula sisi, lawama anabeba yeye, bei hatutaki ipande. Siku mama huyo akihamia gesi na sahani ikaongezeka kidogo, ni wangapi kati yetu hawatahamia kwa jirani yake mwenye mkaa?

Mimi nadhani hapo ndipo penye mazungumzo ya kweli ya mazingira, kuliko kwenye kumbi zote nilizokaa miezi hii. Kesho mchana ukienda kula, kabla hujanawa mikono, muulize anayekupikia kopo la mkaa ni bei gani siku hizi, na kwa siku anamaliza makopo mangapi. Halafu piga hesabu ya mwezi. Halafu tuzungumze.